Mikroni 9 chini ya lenzi: uchambuzi wa jicho moja la miopia

Jicho linalochambuliwa hapa halina mwenyewe. Ni jicho la kompyuta. Nimelipa namba za kawaida ambazo mtaalamu wa optometria hukutana nazo kila mara, nikalivisha lenzi ya kuvaliwa usiku ili kupunguza miopia, kisha nikalifuata kuanzia kipimo cha kwanza mpaka ramani ya umbo la jicho inayochukuliwa asubuhi. Nimeepuka jicho la mgonjwa kwa sababu lenzi ikishindwa kwa mgonjwa, washukiwa ni wengi mno: kipimo, umbo la lenzi, kope, machozi, au tishu yenyewe. Jicho la kompyuta linaniruhusu kukosea kitu kimoja kwa makusudi, vingine vyote vikabaki vilivyo, nikaona kosa hilo peke yake linaleta nini.

Namba zake ni hizi. Ni jicho la miopia ya dayopta 3 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi): kitabu linasoma bila shida, lakini ubao wa darasani ni ukungu mtupu, na miwani yake imeandikwa −3.00. Konea, ile kuba angavu iliyo mbele ya jicho, ina nusu kipenyo cha milimita 7.80 katikati na unene wa mikroni 540 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Presha ya ndani ya jicho ni milimita 15 za zebaki. Kuna namba moja zaidi, ambayo wengi huiruka kwa haraka na ambayo mimi nitairudia sana: konea si kipande cha mpira wa duara kamili, bali hulala kidogo kidogo kadiri unavyotoka katikati kwenda pembeni. Kiasi hicho cha kulala huandikwa kwa herufi e. Mpira kamili una e ya 0. Jicho letu limepimwa 0.50.

Tiba inayojaribiwa ni othokeratolojia. Mtu huvaa lenzi ngumu inayopitisha oksijeni wakati wa kulala tu, asubuhi huitoa, na mchana wote huona mbali bila miwani. Hakuna kinachokatwa wala kuchomwa kwa leza, na akiacha kuvaa, konea hurudi ilivyokuwa. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1962 George Jessen, mtaalamu wa macho wa Chicago, alieleza namna ya kupunguza miopia kwa kuvalisha lenzi bapa kuliko konea. Lenzi zake zilikuwa za plastiki isiyopitisha oksijeni na zilivaliwa mchana. Kwa karibu miaka 30 matokeo yakawa ya bahati nasibu: huyu anapungukiwa dayopta 1, yule hapungukiwi kitu, mwingine lenzi inahamia juu na kumwachia konea iliyopindapinda. Mambo yalibadilika mwaka 1989, Wlodyga na Bryla walipoelezea lenzi ambayo katikati ni bapa lakini duara la pili linalofuata limesimama zaidi, yaani limepinda zaidi, ili lenzi ijishike katikati ya jicho badala ya kuteleza. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha lenzi ya kwanza ya aina hii kuvaliwa usiku.

Hesabu ya kwanza ni ya umbo linalotakiwa, na tayari ina mtego. Kwa kawaida nguvu ya konea hupatikana kwa kugawanya 337.5 kwa nusu kipenyo. Kwa jicho letu, 337.5 kwa 7.80 ni dayopta 43.27. Tunataka kuondoa 3, zibaki 40.27, kwa hiyo nusu kipenyo kipya kingekuwa milimita 8.38. Rahisi, na si sahihi. Namba ya 337.5 ni ya makubaliano: inachukua uso wa mbele wa konea na kuubebesha pia mchango wa uso wa nyuma, kana kwamba nyuso hizo mbili hupanda na kushuka pamoja. Kama lenzi inabadilisha uso wa mbele tu, hesabu halali hutumia kipimo halisi cha jinsi tishu ya konea inavyopinda mwanga, yaani 376 badala ya 337.5. Hapo nusu kipenyo kipya kinakuwa milimita 8.32.

Tofauti ya milimita 0.06 inaonekana ya kupuuza, lakini kliniki haiipuuzi hata kidogo. Mashine ya topografia, inayochora ramani ya umbo la konea, nayo hutumia 337.5. Konea ikipungukiwa dayopta 3.00 za kweli, mashine itaandika 2.69. Mtaalamu asiyekumbuka hilo ataona upungufu wa dayopta 0.3 na kuagiza lenzi kali zaidi, wakati mgonjwa wake amekaa mbele ya chati anasoma mstari wa mwisho bila tabu. Kwa maoni yangu, programu yoyote ya kubashiri matokeo isiyosema wazi inatumia namba ipi kati ya hizo mbili haifai kuaminiwa, hata iwe na picha za rangi nzuri namna gani.

Lenzi yenyewe hukatwa ikiwa bapa kuliko lengo. Desturi ni kuongeza dayopta 0.50 hadi 0.75 juu ya zile zinazotakiwa kuondolewa, kwa sababu konea huanza kurudi nyuma taratibu tangu lenzi inapotolewa asubuhi, na mtu anahitaji kuona vizuri hadi jioni. Nyongeza hiyo bado hutajwa kwa jina la Jessen. Kwa jicho letu, 43.27 toa 3.75 ni 39.52, na mpindo wa katikati wa lenzi unakuwa wa milimita 8.54. Weka namba tatu pamoja: konea 7.80, lenzi 8.54, konea inayotarajiwa 8.32. Konea hainakili lenzi. Hilo peke yake lingetosha kumtia shaka mtu anayeijenga modeli yake kama udongo unaobanwa kwenye kalibu.

Hata hivyo modeli nyingi za kwanza kichwani mwa watu ni za namna hiyo: lenzi inasukuma, kuba inabonyea. Mhandisi akipewa kazi hii atachukua konea, ataikata kwenye kompyuta vipande vidogo maelfu kwa maelfu, atakipa kila kipande ugumu wake, ataweka mzigo juu, na kuiacha mashine itafute jinsi kuba inavyojipinda. Mbinu hiyo ni halali na imefanya kazi kubwa katika kuelewa upasuaji wa konea na ugonjwa wa konea kuchongoka. Kwenye lenzi ya usiku inakwama, na inafaa kuona inakwamia wapi.

Kwanza, kuba hii haiko tupu. Presha ya milimita 15 za zebaki ni kama paskali 2,000 zinazosukuma kutoka ndani. Ukifanya hesabu ya kuba nyembamba, presha mara nusu kipenyo, gawanya kwa unene mara mbili, unapata mkazo wa takriban kilopaskali 14 ndani ya ukuta wa konea wakati wote, usiku na mchana. Lenzi inayoelea juu ya machozi inapaswa kushindana na jicho ambalo tayari limevutwa na kukazwa.

Pili, na hapa ndipo hoja ya kubonyeza inapoanguka kabisa kwangu, kitu kilichobonyezwa kama springi hurudi mara unapoondoa mkono. Konea hairudi mara moja. Mabadiliko huanza haraka mno, hata baada ya dakika 10 za kuvaa lenzi, kama Sridharan na Swarbrick walivyoonyesha mwaka 2003, lakini yakishakamilika baada ya usiku kadhaa hukaa siku nzima na huhitaji siku nyingi kufutika. Unaweza kuilazimisha modeli ya springi ikubali hilo kwa kuitia mnato hapa na pale. Utapata mstari unaopita kwenye data. Hutapata maelezo.

Tatu, kuna vipimo vya unene. Mwaka 1998 Helen Swarbrick na wenzake wawili, Wong na O'Leary, walipima unene wa konea za watu waliovaa lenzi hizi. Waligundua kwamba tabaka la nje kabisa, epithelia, lilikuwa limepungua unene katikati, na sehemu ya kati ya pembeni ilikuwa imenenepa. Mabadiliko ya unene pekee yalitosha kueleza kupungua kwa miopia. Kuba haikuwa na haja ya kupinda.

Tuliulize jicho letu kama hilo linawezekana kwa hesabu. Chukua eneo la katikati lenye kipenyo cha milimita 4. Kimo cha kuba yenye nusu kipenyo cha 7.80, kutoka ukingo wa eneo hilo hadi kileleni, ni milimita 0.2608. Kimo cha kuba ya 8.32 ni 0.2440. Tofauti ni mikroni 16.8. Kanuni fupi ambayo Munnerlyn na wenzake waliichapisha mwaka 1988 kwa ajili ya leza, dayopta mara mraba wa kipenyo gawanya kwa 3, inatoa 16. Dayopta 3 nzima, tofauti kati ya kuuona ubao na kutouona, ni mikroni 16 au 17 za kimo. Epithelia nzima ina unene wa takriban mikroni 50. Theluthi moja yake ikihama kutoka kileleni, kazi imekwisha.

Na hizo mikroni 17 zinakwenda wapi? Seli ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hayabanwi yakapungua. Kipande kinachoondoka katikati kina ujazo wa takriban milimita za ujazo 0.105. Ukikitandaza chote kwenye pete inayokizunguka, kutoka kipenyo cha milimita 4 hadi 8, pete hiyo itaongezeka unene kwa wastani wa mikroni 2.8 tu. Hii ndiyo sababu watafiti wamebishana miaka mingi. Kupungua kwa katikati kunaonekana wazi kwa kifaa chochote kizuri. Kuongezeka kwa pembeni kumetandazwa hadi kukaribia kufichwa na makosa ya kifaa chenyewe. Swarbrick na wenzake waliona unene wa pembeni uko zaidi kwenye stroma, tabaka nene la chini. Wengine wameukuta kwenye epithelia. Inawezekana pia kwamba baadhi ya seli hazihami popote bali hubanwa na kuwa bapa, au kwamba kasi ya kuzaliwa na kumwagika kwao hubadilika, maana epithelia hujifanya upya kila baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Kwa modeli ya jicho hili sihitaji kuamua ugomvi huo. Ninahitaji kujua tu kwamba kinachofanya kazi ni mgawanyo wa unene.

Mara unapokubali hivyo, kikomo cha tiba kinajitokeza chenyewe. Tuseme epithelia inaweza kutoa mikroni 20 katikati. Kwa eneo la kipenyo cha milimita 4, hizo zinanunua dayopta 3.75. Kwa eneo la milimita 5 zinanunua 2.4. Kwa milimita 3 zinanunua zaidi ya 6, lakini mboni ya kijana gizani hufunguka kupita hapo kwa mbali, na taa za magari yanayokuja zitakuwa na mduara wa mwanga kila moja. Jicho letu la −3.00 likitaka eneo pana la milimita 6 lingehitaji mikroni 36 hadi 40, yaani sehemu kubwa ya epithelia yote. Haiwezekani, na hakuna lenzi itakayoiwezesha. Kwa hiyo mtu mwenye miopia kubwa akiambiwa tiba hii haimfai, hanyimwi kwa uzembe wa mtengenezaji: hana mikroni za kutosha.

Sasa tushuke chini ya lenzi, kwenye machozi, kwa sababu ndiko kisa chenyewe kilipo.

Lenzi nzuri ya usiku haigusi kilele cha konea. Inatua kwenye pete iliyo pembeni, kwenye jicho letu nimeiweka kipenyo cha milimita 8, na katikati inaelea juu ya utando wa machozi wenye unene wa mikroni chache. Nimeuwekea lengo la mikroni 8. Kutoka hapo utando unapanuka kwa kasi: ukingoni mwa mpindo wa katikati, milimita 3 kutoka kileleni, hesabu inatoa takriban mikroni 58. Ndilo shimo la mviringo ambalo lile duara la pili la lenzi limewekwa ili kulifunga.

Namba hizo mbili, 8 na 58, zina nguvu kuliko zinavyoonekana. Kimiminika kinachopita kwenye ufa mwembamba hukutana na ukinzani unaokwenda kinyume na mchemraba wa upana wa ufa. Ufa ukipungua kwa nusu, ukinzani unaongezeka mara 8. Machozi yaliyo katikati yanakutana na ukinzani wa karibu mara 380 ya yale yaliyo kwenye shimo. Kope ikikandamiza lenzi, machozi ya katikati hayana pa kukimbilia kwa haraka na presha inabaki pale pale kileleni, huku kwenye shimo hali ikielekea kuwa ya kuvuta. Kusukumwa katikati na kuvutwa pembeni, kwa saa 7 au 8, juu ya seli laini zilizo hai. Hiyo ndiyo nguvu inayofanya kazi, na ni ya upole. Modeli inayoweka lenzi moja kwa moja juu ya konea na kuibonyeza kwa kilogramu kadhaa imekosa utando huu, hivyo imekosa kila kitu.

Hadi hapa jicho letu linaendelea vizuri. Kompyuta inachora ramani ya asubuhi: duara bapa, safi, lililotulia mbele ya mboni, likizungukwa na pete iliyosimama. Sasa ninaingiza kosa moja. Sibadilishi tishu wala lenzi. Ninasema tu kwamba mashine ya topografia iliandika e ya 0.50 wakati jicho la kweli lilikuwa na 0.60.

Kimo cha konea yenye e ya 0.50, kwenye kipenyo cha milimita 8, ni milimita 1.0819. Cha konea yenye e ya 0.60 ni 1.0729. Tofauti ni mikroni 9. Lenzi ilikatwa kwa ajili ya kuba ndefu kuliko ile iliyopo, kwa hiyo ikitua kwenye pete yake, kilele cha konea kinabaki chini zaidi. Utando uliotakiwa kuwa mikroni 8 unakuwa 17. Ukinzani unashuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Msukumo wa kileleni unalegea, na asubuhi ramani haina duara safi tena. Ina kisiwa kidogo kilichosimama katikati ya eneo bapa. Mgonjwa anaona, lakini herufi zina kivuli.

Geuza kosa upande wa pili: mashine imeandika 0.50, jicho ni 0.40. Kimo cha kweli ni 1.0896, zaidi ya kilichodhaniwa kwa karibu mikroni 8. Utando umekwisha. Lenzi inakaa juu ya kilele chenyewe, inayumba juu yake, na kope inaivuta juu. Asubuhi eneo bapa liko juu ya mboni, na chini yake kuna tao lililosimama, ramani ambayo mafundi wa lenzi huiita tabasamu. Mgonjwa hana sababu ya kutabasamu. Ameongezewa astigmatizimu, yaani konea isiyopinda sawasawa pande zote, ambayo hakuwa nayo, na epithelia ya katikati imesuguliwa usiku kucha.

Kosa la 0.1 kwenye e si la kutunga. Mashine ya topografia hurusha pete za mwanga kwenye konea na kusoma taswira yake, wazo lililotokana na diski ya Antonio Plácido, Mreno wa karne ya 19. Katikati husoma vizuri sana. Lakini e huamuliwa na pembeni, na pembeni juu kuna kope na nywele zake zinazotupa kivuli, machozi yaliyokauka huvunja pete, na jicho likikosa kulenga kidogo tu, upande wa pua na upande wa sikio haviwi sawa tena. Sehemu zisizosomwa programu huzijaza kwa kukisia kutoka zile zilizosomwa. Halafu namba hutokea kwenye skrini ikiwa na desimali mbili, imenyooka, kana kwamba imeteremshwa. Kosa la milimita 0.05 kwenye nusu kipenyo lingeleta mkorogo unaokaribia huo, kama mikroni 8, ila kosa hilo ni nadra zaidi kwa sababu katikati ndiko mashine inakoaminika.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mtaalamu asione tatizo kwa macho yake? Lenzi huangaliwa kwa rangi ya fluoresini inayong'aa kijani chini ya taa ya bluu. Penye machozi mengi panang'aa, penye machache pana giza. Ugumu ni kwamba tabaka jembamba kuliko mikroni 20 hivi halitoi mwanga wa kuonekana. Mikroni 8 ni giza. Mikroni 17 ni giza. Sifuri ni giza pia. Lenzi tatu zenye hatima tatu tofauti zinaonekana pacha kwenye kiti cha kliniki, na ndiyo maana hakuna mtaalamu makini anayeamua kwa fluoresini peke yake. Huamua kwa ramani ya asubuhi, akitoa ya leo kwenye ile ya kabla ya kuvaa. Usiku mmoja ndani ya jicho unasema kile ambacho kompyuta na taa ya bluu vimeshindwa.

Kwa hiyo nikisoma kazi za modeli zinazoshindana kuongeza ukweli wa tishu, nyuzi za kolajeni zimepangwaje, stroma ina mnato kiasi gani, tabaka za chini zina ugumu upi, ninazistahi lakini ninaona juhudi imepelekwa mahali ambapo faida ni ndogo. Kwenye jicho letu nilijaribu kubadilisha ugumu wa tishu nikaacha umbo la mwanzo lilivyo. Kilichobadilika kilikuwa muda wa kufika kwenye matokeo, si matokeo yenyewe. Kubadilisha e kwa 0.1 kuligeuza duara safi kuwa kisiwa au tabasamu. Mtu akinipa saa moja ya ziada na mgonjwa, sitaipeleka kwenye kompyuta. Nitapima tena.

Kuna mambo ambayo modeli hii haiyabebi kabisa, na mojawapo ni kubwa kuliko dayopta zote. Jicho lililofumbwa juu ya lenzi lina oksijeni kidogo na machozi yasiyotembea, na vijidudu vikiingia pale vinapata muda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 visa vizito vya maambukizi ya konea viliripotiwa, vingi kutoka China, vikiwamo vya bakteria wa Pseudomonas na vya ameba wa Acanthamoeba anayeishi kwenye maji ya kawaida. Utafiti wa Bullimore na wenzake wa Marekani wa mwaka 2013 ulikadiria maambukizi 7.7 kwa kila wavaaji 10,000 kwa mwaka, na kwa watoto 13.9. Hakuna mlinganyo wa utando wa machozi unaozuia hilo. Linazuiwa na mikono iliyooshwa na kukaushwa, dawa sahihi ya lenzi, na kutogusisha lenzi maji ya bomba hata kidogo, yawe masafi namna gani kwa kunywa. Mzazi asiyeweza kulisimamia hilo kila usiku asianze.

Na jambo la pili linabadilisha swali lenyewe. Watoto sasa ndio wavaaji wakuu katika nchi nyingi za Asia ya Mashariki, na lengo si kuona ubao tu. Utafiti wa ROMIO wa Hong Kong, uliochapishwa na Cho na Cheung mwaka 2012, ulifuata watoto walioanza wakiwa na miaka 6 hadi 10. Baada ya miaka 2, macho ya waliovaa lenzi za usiku yalikuwa yamerefuka kwa wastani wa milimita 0.36, na ya waliovaa miwani milimita 0.63. Pete iliyosimama pembeni ya eneo bapa, ile ambayo mtu mzima anaiona kama kero ya mwanga usiku, ndiyo inayodhaniwa kusaidia kupunguza kurefuka kwa jicho. Ndiyo maana baadhi ya lenzi mpya za watoto zinapunguziwa kipenyo cha katikati kwa makusudi. Modeli iliyofundishwa kutafuta eneo pana kadiri iwezekanavyo inampa mtoto kinyume cha anachohitaji, na inampa kwa usahihi mkubwa.

Nirudi kwenye uamuzi wa jicho letu la −3.00. Nikiiachia e ielee kati ya 0.40 na 0.60, utando wa katikati unaenda kutoka karibu sifuri hadi mikroni 17. Kuagiza lenzi kwa hali hiyo ni kurusha sarafu. Topografia ikirudiwa, picha zenye kivuli cha kope zikatupwa na wastani ukachukuliwa kwa zile zinazokubaliana, tuseme e inabanwa kati ya 0.45 na 0.55. Utando sasa uko kati ya mikroni 4 na 12. Bado ni mpana, lakini hakuna ncha inayogusa konea, na makosa ya pande hizi mbili hayalingani: utando mnene unaleta kivuli kwenye herufi, utando uliokwisha unaleta kidonda. Ningeagiza lenzi ya mpindo wa 8.54 yenye lengo la mikroni 8, avae usiku mmoja, aje asubuhi mapema ramani ichukuliwe kabla konea haijaanza kurudi. Kisiwa kikijitokeza katikati, ningepunguza kimo cha lenzi kwa mikroni 10 kwenye pete ya kutua, na mpindo wa katikati nisiuguse.